Iwe Ngumu

Kijiwe cha Bandari Kavu, pale Njoro mjini Moshi, hakina bahari wala ziwa. Hata mfereji unaopita nyuma yake hukauka kila Septemba. Kina benchi moja la mbao zilizolazwa juu ya injini mbili za malori yaliyokufa, jiko la makaa la Martha na birika lake la kahawa, na wanaume waliopunguzwa kazini ambao midomo yao hakuna aliyeweza kuipunguza. Jina limetokana na Yakobo, anayeitwa Bandari kwa kuwa zamani alibeba magunia bandarini Tanga kwa miezi minane, na tangu hapo hakuna jambo la maji chumvi asilolijua. Asubuhi hiyo ya Julai, mwaka ule wa El Nino, baridi ilikuwa kali, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, mlima hauonekani kabisa. Wanakijiwe hawakuwa wamekuja kupiga soga. Walikuwa wanangoja gari kutoka Dar es Salaam lililobeba jeneza la Jovin, kijana wao aliyefia kazini baharini, ili waungane nalo kupanda Kilema, kijijini kwao mlimani, kwenda kuzika.

Mazishi ya huku kwetu hayaendi bila kusomwa wasifu wa marehemu. Marehemu anaweza kukosa mengi, karatasi ile haikosi: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, alisoma mpaka darasa la ngapi, alifunga ndoa na nani, na mwisho kabisa chanzo cha kifo, mstari ambao hata walevi waliosimama nyuma huunyamazia ili wausikie. Kazi ya kuandika alipewa Godlove, mwalimu mstaafu, ambaye kijiweni wanamwita Kamusi kwa sababu hujisifu kwamba hakuna kitu duniani ambacho yeye hana neno lake la Kiswahili. Alikuwa ameweka karatasi juu ya ubao magotini, miwani puani, na amejaza kila kitu isipokuwa mstari ule wa mwisho.

— Haya, tumefika chanzo cha kifo, alisema Kamusi. Nataka sentensi moja. Padri hapendi hadithi ndefu.

— Andika bahari, alisema Bandari.

— Bahari ni mahali, Yakobo. Si chanzo.

— Wewe hujaiona. Ungeiona usingebisha.

— Andika wawekezaji, alisema Filemon. Andika ruksa ya kuuza kila kitu. Andika soko huria.

Huyo Filemon anauza mitumba Kiboriloni, na jina lake la kijiweni ni hilo hilo, Soko Huria, maana hata mvua ikichelewa yeye hulaumu wawekezaji.

Mwisho wa benchi alikaa Ebenezeri, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti. Yeye ni mtu wa Mamba, mzaliwa wa ukoo wa wahunzi, na mkereza vyuma aliyesimama mbele ya mashine miaka ishirini na mbili katika kiwanda cha serikali, mpaka kiwanda kilipouzwa na aliyekinunua akakigeuza ghala la magodoro. Siku hizi ana banda lake hapo hapo Njoro na mashine moja kuukuu. Kijiweni humwita Spana. Jovin alijifunza kuchomelea kwenye banda hilo, akala chakula cha mke wake, akamwita baba. Asubuhi hiyo koti la Ebenezeri lilikuwa limevutwa upande mmoja na kitu kilichokuwa mfukoni.

— Spana, leo umekuja na chupa? Soko Huria akamtania. Koti limelalia upande aisee.

— Ni chuma tu.

— Huyu mzee! Hata msibani anabeba vyuma.

Wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani kinachoishia puani. Ebenezeri hakucheka. Kile chuma kilikuwa nusu ya pini, unene wake sawa na kikombe cha kahawa cha Martha, na yeye ndiye aliyeivunja alfajiri ile. Tangu hapo hakuwa ameweza kuitoa mfukoni wala kuiacha.

— Sikilizeni, alisema Soko Huria. Ile meli ilikuwa mtumba. Wazungu waliichoka wakatuletea. Mnyororo mtumba, boya mtumba. Mimi nafanya biashara hiyo, kitu nikikishika najua.

— Umeishika hiyo meli? akauliza Kamusi.

— Nimeshika suruali zao. Inatosha.

— Hata kama ni mtumba, alisema Bandari, meli haijikati yenyewe. Meli inafungwa. Kule Tanga tulikuwa tunaifunga kamba, unakaza mpaka kamba inalia.

— Hii haikuwa ya kukaza, alisema Ebenezeri.

Wote wakamgeukia, maana lilikuwa neno lake la kwanza la maana tangu afike. Lakini hakuendelea. Alimkumbuka Jovin Pasaka iliyopita, amesimama hapo hapo mbele ya jiko, anawaeleza kazi yake mpya. Meli yenyewe haisafiri, aliwaambia. Inasimama mbali na pwani mwaka mzima, ni tanki la mafuta linaloelea. Imeshikwa na boya, na boya limeshikwa na minyororo iliyoshuka mpaka chini kabisa kwenye nanga. Kisha Jovin akachukua uzi wa gunia, akafunga kikombe cha Martha, akauacha uzi ulegee juu ya benchi. Mnaona? alisema. Haikazwi hata kidogo. Mnyororo mwingi umelala chini kwenye mchanga. Wimbi likija unanyanyuka, likipita unalala tena. Meli inazunguka boya vile mbuzi anavyozunguka kigingi. Kila kitu pale kinatoa kidogo, ndiyo maana hakuna kinachokatika. Ebenezeri alikuwepo siku ile. Alisikiliza, akajivunia kijana wake, na wala hakuelewa kwamba alikuwa anaambiwa yeye.

— Papa, alisema Bandari.

— Papa gani?

— Papa anakula chuma. Tanga alivuliwa mmoja, tumboni mna baiskeli. Nzima. Na kengele yake.

— Ulipanda?

— Wewe cheka tu. Kama amekula baiskeli, mnyororo utamshinda?

— Yakobo, alisema Kamusi, hivi nisimame mbele ya padri na waumini wote wa Kilema niseme Jovin ameuawa na samaki aliyekula baiskeli?

— Hamna samaki, alisema Soko Huria. Bahari imeuzwa. Wameuza kiwanda cha kina Spana, wameuza mashamba, kahawa yetu sasa anainunua kila mwenye pikapu. Unadhani maji yatabaki? Yupo aliyenunua kile kipande cha bahari. Amefika, amekuta meli imesimama kwenye mali yake. Akaikata.

— Amekata usiku?

— Saa nne asubuhi, mbele ya watu. Ana karatasi, atamwogopa nani?

Martha aliweka birika chini kwa nguvu.

— Nyinyi watu, alisema. Mwenzenu yuko njiani ndani ya sanduku.

Wakanyamaza. Kijiwe kilichonyamaza kinatisha, nakwambia. Unaanza kusikia makaa. Bandari ndiye aliyeshindwa kuvumilia, akasema taratibu, na safari hii hakuwa anatania.

— Mimi nimewaza tangu juzi. Theluji ya Kibo inapungua. Tunaiona wote. Inakwenda wapi? Inayeyuka inaingia kwenye mito yetu. Mito inaingia Pangani. Pangani inaingia wapi? Si baharini? Basi maji yamezidi kule, na ni haya haya ya kwetu. Sisi wenyewe ndio tumemuua.

Hakuna aliyecheka. Ebenezeri alikizungusha kile chuma mfukoni. Maneno ya kipuuzi kabisa, na Yakobo mpuuzi ameyasema bila kujua, lakini yalimwingia sawasawa.

Kilichotokea kilikuwa hivi. Ile minyororo haishiki boya yenyewe. Panapokutana mnyororo na mnyororo pana pingu ya chuma, na pingu inafungwa kwa pini. Mwezi Mei pini za kule zililika, na mpya kutoka nje zikachelewa bandarini kwa longolongo za karatasi. Jovin akawaambia wakubwa zake: Moshi kuna fundi. Mtu wa kampuni akaja mpaka bandani na vyuma vizuri, pini kuukuu ya kuigiza, na mchoro wa Kiingereza. Kiingereza cha Ebenezeri kilikuwa cha namba na vipimo tu. Yule bwana aliweka kidole kwenye mstari mmoja akasema, hapa wanataka iwe ngumu, mzee. Ngumu kweli kweli.

Akakereza pini tatu, vipimo vikakaa barabara, meno ya nati yakaingia bila kukwama. Kazi ilikuwa imekwisha. Angefunga kwenye gunia akatuma, leo asingekuwa na jambo. Lakini aliambiwa ngumu, na ilikuwa kazi ya Jovin, na yeye ni mjukuu wa wahunzi wa Mamba. Akawasha makaa, akazungusha feni, akazipasha moja moja mpaka zikawa nyekundu, rangi ya kahawa iliyoiva mtini, akazitumbukiza kwenye pipa la maji zikapiga kelele. Babu yake alifanya hivyo hivyo kwa mikuki. Alipopitisha tupa juu yake, tupa iliteleza bila kuacha hata mkwaruzo, akafurahi peke yake mle bandani. Akagonga kila pini alama ya ukoo wao, nukta tatu. Mbili zikaenda Dar, moja ikabaki.

Juzi shemeji yake Jovin alipiga simu kutoka Dar. Mawimbi yalikuwa ya kawaida tu, alisema. Pini ilikatika katikati, mnyororo ukaruka, Jovin alikuwa amesimama mbele. Alfajiri ya leo Ebenezeri alichukua ile pini iliyobaki, akailaza juu ya fuawe, akaipiga nyundo kubwa. Chuma kile, kwa jinsi kilivyoletwa, kingepinda. Ungekipiga siku nzima kingepinda tu. Kilikatika pigo la kwanza. Ndani kulikuwa na chembe zinazong'aa, mithili ya sukari.

— Basi niwaambie, alisema Kamusi, akivua miwani. Sikutaka kulitoa mapema. Kampuni imeandika barua, inakuja na mwili. Shemeji amenisomea kwenye simu.

— Inasemaje?

— Inasema marehemu alipewa kazi ya kuikagua ile pini inayofunga mnyororo na kuikaza, hakuikaza. Kwa hiyo chanzo ni uzembe wa marehemu.

— Uongo! alisema Martha.

— Mimi sijasema ni kweli. Nimesema imeandikwa.

— Sasa kama wenyewe wenye meli wameandika, alisema Bandari kwa sauti ya mtu aliyevuliwa mzigo, sisi wa huku tutabisha na nini?

— Vijana wa siku hizi kweli wana haraka, alisema Soko Huria. Simsemi vibaya. Lakini wana haraka.

— Jovin? Martha akauliza. Jovin aliyekuwa analipima hata jiko langu kabla ya kulichomelea? Filemon, kunywa kahawa yako unyamaze.

— Nawauliza tu, alisema Kamusi. Gari linakuja. Padri atasubiri. Neno ni fupi, linaingia kwenye nafasi.

Akaliandika kwa penseli, kwa wepesi, ili liweze kufutwa: uzembe. Akalitazama, akaona limekaa vizuri kwenye mstari, akatafuta kalamu ya wino.

Hapo ndipo Ebenezeri alipotakiwa kusema, na alilijua hilo. Pini isiyokazwa huchomoka nzima, haikatiki. Sentensi moja tu, fundi yeyote angeisema. Lakini ukisema imekatika, swali linalofuata ni nani aliitengeneza, na baada ya hapo nani atamletea hata bawaba ya mlango? Nani atamkaribisha Kilema? Alifikiria binti yake Eliona, anayeolewa Desemba, na wakwe watakavyokaa kimya mezani. Mtu mzima, mzee wa kanisa, aliona aibu kwa hesabu hizo na bado akaendelea kuzipiga. Kalamu ikapatikana. Kamusi akaitikisa wino ushuke.

— Shikamooni.

Alikuwa Ruth, mke wa Jovin. Nyumba waliyopanga ilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na wanawake waliokaa naye walikuwa wamesimama mlangoni, wamemwacha aje peke yake. Amejifunga kitenge cheusi juu ya sweta la mumewe.

— Marahaba, mama, waliitikia kwa pamoja, wakasogea, benchi zima likapata nafasi ambayo haikuwepo.

Hakukaa.

— Nimekuja kuuona wasifu, mwalimu. Nimesikia wanasema mmeshamaliza.

— Bado kidogo, mama.

— Hapo mwisho mmeandika nini?

Kamusi alifunika karatasi kwa kiganja, mwalimu mzima, mithili ya mwanafunzi aliyeshikwa. Ruth akauondoa ule mkono polepole, akasoma. Alisoma mara mbili.

— Haiwezekani, alisema. Alinipigia simu ya posta wiki ile ile aliyofariki. Nilimwambia naogopa, sielewi mtu anasimamaje juu ya maji mwaka mzima. Akacheka. Akaniambia, Ruth, usiogope, kinachotushika huku ni chuma cha Baba Eliona. Nimekitia mwenyewe, nimekikaza mwenyewe, kina nukta zake tatu. Ni kigumu kuliko vyote.

Akamgeukia Ebenezeri. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na ingekuwepo ingekuwa afadhali. Alimtazama kwa imani, alivyozoea kumtazama mtu mwenye majibu ya mambo ya chuma.

— Baba Eliona, wewe ndiye fundi. Nieleze nielewe. Kitu kigumu kinakatikaje?

Bandari aliyemaliza bahari yote alianza kufunga kamba za viatu. Soko Huria alitazama kikombe chake.

Ebenezeri alitoa mkono mfukoni. Akaweka kile chuma juu ya karatasi, juu ya lile neno, upande uliovunjika ukiwa juu, unang'aa.

— Kamusi, alisema, futa hilo. Andika jina langu. La ubatizo na la ukoo.

— Spana, acha...

— Niliambiwa iwe ngumu. Nikaizidishia. Hakuna aliyenituma kuipasha moto. Kijana aliikaza vizuri. Ni mimi.

Martha alishika mdomo. Gari moja likapita, halikuwa lenyewe. Ebenezeri alidhani akishasema atapumua. Ndivyo alivyojiambia tangu alfajiri. Hakupumua.

— Sikuuliza nani, Baba Eliona, alisema Ruth. Nimeuliza kinakatikaje.

— Kimekatika kwa sababu ni kigumu, mwanangu.

— Kigumu si ndicho kisichokatika?

— Hapana. Kisichokatika ni... Akainua mikono, akafanya ishara ya kitu kinachopinda na kurudi. Kinatakiwa kitoe kidogo. Kipinde. Kivumilie. Kina ugumu, lakini si ugumu huu, ni ule mwingine.

— Ugumu upi mwingine?

Akamgeukia Kamusi, karibu kumwomba.

— Mwalimu, chuma kinachokubali kupinda lakini kisikatike, tunakiitaje?

Kamusi alifungua mdomo. Alianza, imara, akaacha, maana Ruth alikuwa amekwisha kutikisa kichwa: hiyo si ni ngumu tu? Alijaribu tena kimyakimya, midomo ikicheza. Miaka thelathini ya kufundisha, na kalamu imesimama hewani. Martha aliinua birika amwongezee mtu yeyote, lipate kusikika lolote. Birika lilikuwa tupu.

Honi ikasikika kutoka barabara kuu, ndefu, ile ya gari la msiba. Wanawake pale mlangoni wakaanza kulia.

Ruth aliinama akakichukua kile chuma. Kilimshinda uzito kidogo, akakitia kwenye pindo la kitenge, akashika pindo kwa mikono miwili. Kisha kwa kidevu tu akaonyesha ile karatasi.

— Utasoma wewe, Baba Eliona. Ukifika hapo mwisho, uwaeleze watu. Na mimi nitakuwepo nasikiliza.

Akaondoka kwenda kulipokea gari. Kamusi alifuta lile neno la penseli mpaka karatasi ikachakaa, asiandike kitu badala yake, akaikunja mara mbili na kumpa Ebenezeri bila kumtazama. Bandari na Soko Huria walikuwa wamekwisha kuondoka benchini. Ebenezeri alisimama, akaishika karatasi, akaanza kutembea kuelekea kwenye gari. Mfuko ulikuwa mtupu sasa, lakini koti lilibaki limelalia upande ule ule.